Tumbo la Kidoti na Vitambaa vya Nta

Siku ya Zakia huanza na ng'ombe. Kabla hajainjika maji ya chai, huenda bandani na gunia la maganda. Humo mna maganda ya viazi, maganda ya ndizi na majani ya nje ya kabichi. Huyamwaga horini, humpigapiga Kidoti ubavuni na kumwambia, "Kula, mama. Kula ushibe."

Huku kwetu Lushoto ng'ombe haendi malishoni. Milima imesimama mno, na kila palipolala kidogo pamelimwa. Ng'ombe hukaa bandani na sisi ndio tunaotembea kwa niaba yake. Tunamkatia majani bondeni, tunambebea maji kichwani. Kila kinachoingia tumboni mwake kimepita kwanza mikononi mwetu. Tulikuwa tukijisifia kwa hilo, mpaka mwezi wa sita mwaka jana.

Mimi ni jirani wa Zakia. Tunaombana moto na chumvi. Pia ni mwalimu wake, maana nafundisha darasa la kisomo kwa watu wazima pale ofisi ya kijiji. Zakia alipoanza hakujua A wala B. Sasa anasoma pole pole, kidole chini ya kila silabi, na akikosea hukasirika kama mimi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Mwalimu, shikamoo! Njoo unisaidie!"

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kidoti hali. Leo siku ya nne."

Nilivaa sweta nikaenda. Kidoti alikuwa amesimama, kichwa chini. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, ukiugonga unalia. Abdallah, mume wa Zakia, alishamnywesha mafuta ya alizeti na maji ya magadi. Havikusaidia kitu.

"Kavimbiwa na kabichi mbichi," Abdallah alisema. "Itapungua."

"Ulisema hivyo tangu juzi, Baba Nasra," Zakia alimjibu. "Huyu ana mimba ya miezi minne. Mimi namwita daktari."

Daktari wa mifugo, Nikodemo, alifika saa nne na pikipiki yake. Ni mtu wa maneno machache. Alibonyeza ubavu wa Kidoti, akasikiliza, akabonyeza tena.

"Anacheua?" aliuliza.

"Sijamwona akicheua tangu Jumapili," Zakia alisema.

"Kuna kitu humu ndani. Na sidhani kama ni majani." Alifuta mikono. "Nimpasue, tukitoe. Au mumchinje leo. Akibaki hivi hivi hamalizi siku tatu."

Abdallah alikaa juu ya ndoo. Uso ulimshuka.

"Afadhali nimchinje angali hai," alisema taratibu. "Akifa mwenyewe ni mzoga. Tutakosa vyote."

"Ana mtoto tumboni," Zakia alisema. "Mpasue, daktari. Tafadhali."

Abdallah alimtazama mkewe, akamtazama ng'ombe. Mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilishika kamba. Naapa sikutaka kuangalia, lakini niliangalia. Daktari alimchoma Kidoti sindano ya ganzi, akanyoa manyoya ya ubavu wa kushoto, akapasua. Ng'ombe alikuwa wima wakati wote, macho wazi, anapumua. Daktari aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akaanza kuvuta.

Ilitoka nailoni.

Ilitoka ndefu, imesokotwa, nyeusi na ya kijani. Akavuta nyingine. Akavuta nyingine tena. Kulikuwa na vile vifuko laini vya kufungia sukari. Kulikuwa na pakiti za chumvi, vifuko vya maandazi, hata kipande cha kamba ya plastiki. Ndoo ya kwanza ilijaa. Abdallah akaleta ya pili, nayo ikajaa. Nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini sikuwahi kuona kitu kama kile.

Zakia aliokota pakiti moja kutoka kwenye ndoo. Aliisugua kwenye majani mpaka ikang'aa. Kisha akaweka kidole chini ya herufi.

"CHU," alisoma. "CHU-M-VI. Chumvi." Akageuka kunitazama. "Mwalimu, bado inasomeka."

"Inasomeka," nilisema.

"Hii ni ile chumvi yenye picha ya jogoo. Dukani hawajaileta tangu mwaka juzi." Aliisogeza karibu na macho. "Imekaa humu ndani mwaka na nusu, na jogoo bado ana rangi."

"Nailoni haiozi tumboni," Nikodemo alisema huku akishona. "Ng'ombe anaipenda kwa sababu ina chumvi, ina harufu ya chakula. Akiimeza haisagiki. Haitoki mbele wala nyuma. Inakaa, inakusanyana, mpaka majani yanakosa nafasi. Mnamlisha maganda ya jikoni?"

"Kila siku," Zakia alisema.

"Na nailoni za jikoni zinakwenda wapi?"

Sote tulijua. Akimaliza kupika hufagia jiko, na kila kilichofagiwa huingia katika gunia la maganda. Hata mimi hufanya hivyo hivyo. Sema sina ng'ombe.

"Nimemlisha mimi mwenyewe," Zakia alisema, na machozi yakamtoka. "Kwa mkono wangu. Na kila siku namwambia ale ashibe."

Daktari alikata uzi wa mwisho. Alisema pole, kisha akasema jambo ambalo hatukulisahau.

"Nimemfungua mara moja. Kwa mimba hii sitamfungua mara ya pili. Akila nailoni tena, mmempoteza yeye na ndama. Angalieni nailoni isiingie kabisa nyumbani humu."

Siku ile ile Zakia alikusanya kila nailoni aliyoiona. Sukari aliimimina kwenye kopo, chumvi kwenye mtungi. Lakini kesho yake akakwama. Shamba la Abdallah la karoti liko ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili. Kila siku hubeba chapati au mkate, viazi vya kuchemsha, na siku nyingine jibini kidogo. Vyote hivyo vilikuwa vikifungwa kwenye nailoni. Zakia alijaribu jani la mgomba. Lilipasuka njiani na Abdallah akala chapati yenye mchanga. Alijaribu kitambaa kitupu. Chapati ikakauka ikawa ngumu.

"Nirudie nailoni tu," Abdallah alisema. "Nitaangalia."

"Hapana," Zakia alisema.

Jumamosi tulikwenda kwa Faudhia, fundi cherehani wa pale barabarani. Tulimkuta ameshona mpaka mabaki ya vitambaa yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Zakia alimsimulia yote. Faudhia aliacha kukanyaga cherehani.

"Mume wako si ana mizinga?" aliuliza.

"Anayo mitano, kule pembeni ya msitu."

"Akishakamua asali, masega anapeleka wapi?"

"Anawatupia kuku. Masega si uchafu tu, dada?"

Faudhia alicheka mpaka akashika kiuno. "Uchafu! Wewe una dawa ya shida yako, unawatupia kuku. Niletee hayo masega. Na mimi nitatafuta vitambaa. Haya mabaki huwa nayachoma."

Jumatatu mchana tulikutana kwake jikoni, Zakia, Faudhia na mimi. Abdallah alikuja pia. Alisema amekuja kuangalia masega yake, lakini nadhani alikuwa na hamu kama sisi.

Faudhia alifunga masega ndani ya kitambaa chepesi, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji moto, akakibana na mwiko. Maji yakawa ya kahawia, yananuka asali na moshi. Takataka zilibaki ndani ya kitambaa. Akaitoa sufuria nje kwenye baridi, tukakaa kunywa chai. Tulipoifunua, juu ya maji palikuwa na mduara mgumu wa manjano. Faudhia aliuinua kwa mikono miwili. Ulikuwa safi, na chini yake maji machafu yakachuruzika.

"Nta hiyo," alisema.

Abdallah aliishika, akainusa, akaigeuza. "Miaka yote hii," alisema. "Kumbe nilikuwa natupa kitu kizuri hivi."

"Nyuki anaitoa wapi?" Zakia aliuliza. "Kwenye maua?"

"Kwenye maua anatoa maji matamu ya kutengenezea asali. Nta anaitoa mwilini mwake. Chini ya tumbo. Inatoka vipande vidogo sana, vyembamba kuliko gamba la dagaa. Anavitafuna vikalainika, anavijenga."

"Kutoka tumboni?"

"Kutoka tumboni."

Zakia aliweka kiganja chake juu ya ile nta. Hakukitoa. Nami nilishangaa, tena nashangaa mpaka leo nikifikiria ni nyuki wangapi walifanya kazi ili mduara ule upatikane.

"Sasa vitambaa," Faudhia alisema. "Tunataka pamba tupu. Kitambaa cha nailoni hakinywi nta, kikipata pasi kinayeyuka. Tutajuaje? Chomoa uzi, uuchome."

Alichomoa uzi wa kipande cha kanga kuukuu, akaugusisha kwenye kaa la moto. Uliungua haraka ukanuka karatasi, ukabaki majivu laini. Kisha akachomoa uzi wa kipande kingine kizuri, cha maua. Huo ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi kigumu.

"Kitambaa hicho nakijua!" Zakia alisema. "Ndicho ulichonishonea gauni la Idi!"

"Ndicho. Nailoni tupu."

"Mama yangu! Kumbe nilikwenda kuswali Idi nimevaa nailoni!"

Tulicheka, hata Abdallah. Kisha tukachagua vipande vya pamba. Vilikuwa vimefuliwa, havitoi rangi tena. Faudhia alivikata kwa mkasi wake wa meno ili pindo zisifumuke. Vingine vilitosha chapati mbili, vingine vilitosha mkate mzima.

Aliparua nta kwa kisu, akaweka vijiko vinne vya chakula kwenye kopo, akaongeza kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti.

"Mafuta ya nini?" nilimwuliza.

"Nta peke yake inakuwa ngumu, ukikunja kitambaa inapasuka. Mafuta yanailainisha. Wengine huweka na utomvu wa msonobari ili kinate zaidi. Mimi siweki, sina hakika nao. Nafunga kwa uzi."

Abdallah alichukua kopo akataka kuliweka juu ya moto. Faudhia alimpiga mkono.

"Hapana, shemeji! Nta ikipata moto moja kwa moja inawaka kuliko mafuta ya taa. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji. Maji ndiyo yaipashe."

Nta iliyeyuka ikawa kama chai ya rangi. Faudhia alitandaza kitambaa juu ya karatasi ya kaki, akakipaka nta kwa brashi mpya. Akafunika kwa karatasi nyingine, akapitisha pasi ya mkaa taratibu. Tuliona kwa macho yetu nta ikitambaa chini ya karatasi, ikiingia kila uzi mpaka pembeni. Kisha akakinyanyua kwa ncha za vidole, akakipunga hewani. Baridi ya Lushoto, ambayo kila siku tunailaani, ilifanya kazi yake. Kabla sijahesabu hadi kumi kitambaa kilikuwa kimekauka.

Kilikuwa kanga ile ile, lakini sasa kilisimama chenyewe mkononi. Faudhia alidondoshea maji juu yake. Matone yakaviringika yakaanguka, na kitambaa hakikulowa. Zakia alitoa sauti ndogo ya mshangao.

"Funika bakuli hili," Faudhia alimwambia. "Kandamiza pembeni kwa viganja. Joto la mkono ndilo linalokifundisha umbo."

Zakia alikandamiza. Kitambaa kikachomoka. Akakandamiza tena, kikachomoka tena.

"Kinanikataa!"

"Mikono yako ina baridi. Isugue."

Zakia alisugua viganja, akavipulizia pumzi, akavisugua tena. Alipokandamiza mara ya tatu, kitambaa kilijikunja kufuata ukingo wa bakuli, na alipoondoa mikono kikabaki pale pale. Alikitazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. "Hongea," alimwambia Faudhia kwa Kishambaa, yaani asante.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na vitambaa sita. Aliviosha. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo lingeweza kuwa langu au la mwanamke yeyote wa huku juu. Mwezi wa sita hakuna kinachokauka nje. Ukungu unashinda uani. Soksi, mahindi, hata daftari la mtoto likilowa, vyote tunavianika juu ya moto wa jikoni. Zakia alianika vitambaa vyake kwenye kamba juu ya mafiga, akaenda kukamua.

Aliporudi moto ulikuwa unaruka. Nta ilikuwa inadondoka tone kwa tone kwenye kuni, na kila tone linawaka. Alivivuta vitambaa haraka, asante Mungu havikushika moto. Lakini vilikuwa vimelegea, vimebaki matambara yenye mabaka.

"Basi," Abdallah alisema asubuhi. "Leo sina jinsi." Akapita dukani, akanunua maandazi, yakafungwa kwenye kifuko cha nailoni. Alikula shambani. Kifuko alikitia mfukoni, kwa nia njema kabisa. Alipoinama kukata majani ya ng'ombe, kifuko kilimponyoka.

Mchana alirudi, akautua mzigo wa majani, akaenda bondeni kuteka maji; Zakia aliufungua, akayatia majani horini. Kidoti, ambaye kidonda chake kilikuwa bado na nyuzi, alipeleka ulimi. Zakia aliona kitu cheupe kinaingia mdomoni.

Alipiga kelele ambayo niliisikia kwangu. Nilipofika, alikuwa amemkumbatia Kidoti shingoni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa ndani ya mdomo wake mpaka kwenye kifundo. Ng'ombe anavuta, yeye anavuta. Alitoka na kifuko, kimejaa mate, na damu ya vidole vyake mwenyewe. Alikaa chini kwenye samadi.

Abdallah alirudi akamkuta hapo hapo. Zakia hakumgombeza. Alimwonyesha tu kile kifuko. Abdallah alikijua.

Alikwenda nyuma ya nyumba, akachukua masega yaliyobaki kabla kuku hawajayamaliza, akatoka. Kesho yake, nilipopita kwa Faudhia, nilimkuta Abdallah mwenyewe amekaa kwenye kigoda. Ana pasi ya mkaa mkononi, ulimi nje kidogo kwa umakini, anapitisha pasi juu ya kaki.

"Taratibu, shemeji," Faudhia alikuwa anamwambia. "Na vile vilivyoharibika usivitupe. Vipake nta upya, vipige pasi, vitarudi."

Na vilirudi. Zakia alivipokea, na safari hii Faudhia alimweleza yote, asibakize kitu.

"Kioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa kitambaa laini. Usikisugue kwa nguvu. Kianike kivulini, hata kwa ukungu, maana maji yako juu tu, ukikikung'uta yanatoka. Usikiweke karibu na moto wala juani. Usifungie chakula cha moto. Najua hapa kwetu tunapenda kufunga viazi vikifuka moshi, lakini subiri vipoe. Nyama mbichi na samaki mbichi, hapana, weka kwenye bakuli lenye kifuniko. Mkate, chapati, jibini, parachichi lililokatwa, hivyo ndivyo vyake. Kinakaa kama mwaka. Kikichoka, kipake nta tena. Kikichakaa kabisa, ni kiwashio kizuri cha moto."

"Na Kidoti?" Zakia aliuliza. "Akikila hiki?"

"Kitambaa nacho si chakula cha ng'ombe. Kitundike msumarini, na maganda yawe na gunia lake."

Zakia alipigilia msumari siku ile ile. Tangu hapo hafagii uchafu ukaingia kwenye maganda. Kila asubuhi huyamwaga kwanza kwenye ungo, huyapekua kwa mkono, ndipo huyapeleka bandani. Darasani kwangu aliwaeleza wenzake habari hiyo, amesimama mbele. Wanawake tisa walimfuata kwa Faudhia wiki ile, na Abdallah akawapa masega.

Kidoti alianza kucheua siku ya sita baada ya kupasuliwa. Zakia alikuja kunigongea mlango ili nikamwone. Tulisimama bandani tukimtazama ng'ombe anatafuna, kama watu wanaoangalia mpira.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeanza, alizaa. Ndama jike, miguu mirefu, anatetemeka. Daktari Nikodemo alikuwepo. Alipapasa kovu la ubavuni, akachungulia hori, akachakura maganda mpaka chini. Hakukuta kitu. Akainuka, akasema, "Sikutegemea. Nawaambia kweli, sikutegemea kumwona huyu ndama."

Siku ya pili Zakia alipika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya ng'ombe aliyezaa. Yakishikana na kupoa hukatwa vipande, na huku kwetu hayaliwi peke yako, jirani lazima aonje. Alikata vipande, akavifunga kila kimoja kwenye kitambaa cha nta, akasugua viganja, akakandamiza pembe.

Changu alikileta mwenyewe, amejitanda kanga kwa mvua. Nilikifungua. Dang'a ilikuwa laini, nyeupe, haina hata tone la mvua. Nilikula nimesimama mlangoni, na nakiri nililia kidogo. Kisha nikakiosha kitambaa kwa maji baridi, nikamrudishia pale pale, maana vilikuwa sita tu na nyumba saba zilikuwa bado hazijaonja.